Tawasifu si mali ya wakubwa peke yao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nitoe maoni yangu kuhusu uandishi wa tawasifu, yaani kazi ya mtu kuandika habari za maisha yake mwenyewe. Ninalotaka kusema ni moja. Kazi hii tumewaachia viongozi, matajiri na wasanii mashuhuri kana kwamba ni wao tu walioishi, ilhali thamani ya tawasifu haitokani na ukubwa wa mwandishi bali inatokana na ukweli na undani wa yale aliyoyaona kwa macho yake. Mtu asiye na cheo chochote, akiandika kwa makini, anaweza kutuachia kitabu chenye manufaa kuliko cha mheshimiwa aliyeandikiwa na wasaidizi wake.

Kila ninapomshauri mtu aliyekula chumvi nyingi aandike, jibu huwa lilelile: "Mimi nina nini cha kuandika?" Hulitoa kwa unyenyekevu wa kweli, nami huuheshimu unyenyekevu huo, lakini jibu lenyewe silikubali. Linachukulia kwamba msomaji wa kesho atatafuta katika maandishi yetu yale tunayoyaona makubwa leo. Msomaji huyo atakuwa ameshayajua majina ya marais na tarehe za vita, kwa kuwa hayo yameandikwa kila mahali. Asiyoyajua ni jinsi watu walivyopashana habari kabla ya simu za mkononi, jinsi familia ilivyokaa na msafiri rohoni kwa wiki nzima bila kujua kama amefika salama, mshahara ulivyogawanywa siku ulipoingia nyumbani na ni nani aliyekuwa na sauti ya mwisho juu yake, na mtoto alifundishwa kuketi vipi na kunyamaza wakati gani mbele ya wakubwa. Mambo ya namna hiyo hayaandikwi kwa sababu kila aliye hai wakati wake anayajua. Akishaondoka wa mwisho wa kizazi hicho, ameondoka nayo.

Lugha yetu yenyewe inatupa ushahidi. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, hakuwa mtawala wala tajiri. Alikuwa karani katika ofisi za serikali ya kikoloni, kwanza idara ya forodha na baadaye ofisi nyingine, na sehemu kubwa ya kazi zake aliziandika akiwa bado mtumishi wa mshahara. Hata hivyo aliyaona maisha yake kuwa yanastahili kuandikwa, akayaandika katika sehemu mbili ambazo baadaye ziliunganishwa kuwa kitabu kimoja, na humo akaweka tenzi mbili za wosia, mmoja kwa binti yake na mwingine kwa mwanawe wa kiume. Hakungoja mtu amwambie kwamba amekuwa mkubwa kiasi cha kutosha.

Kabla yake, Hamed bin Muhammed, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, aliacha habari za maisha yake kwa Kiswahili. Maandishi hayo, yaliyokuwa kwa hati za Kiarabu, yalinakiliwa na Mjerumani Heinrich Brode na kuchapishwa mwanzoni mwa karne ya 20. Yana thamani kubwa kwa historia na kwa lugha, wala sidhani kama kuna anayebisha. Lakini kila ninapoyasoma huwafikiria watu waliozibeba pembe zile mabegani, na waliotembea wamefungwa. Walikuwa wengi kuliko yeye kwa mbali, na karibu wote hawakuacha hata ukurasa mmoja. Safari zile tunazijua kwa macho ya mwenye msafara, na kwa upande wa mpagazi na wa mateka tunabaki kukisia. Hakuna chuo wala mtafiti atakayeweza kulijaza pengo hilo sasa, kwa kuwa wenye maneno yao walikwisha kufa.

Kwingineko, waliopitia utumwa walipopata kalamu, mambo yalikuwa tofauti. Olaudah Equiano alichapisha maisha yake London mwaka 1789, miaka 18 kabla ya Uingereza kupiga marufuku biashara ya watumwa, na kitabu chake kilisomwa sana na waliokuwa wakiipinga biashara hiyo. Frederick Douglass wa Marekani aliandika maisha yake mara tatu, mwaka 1845, mwaka 1855 na mwaka 1881. Alipoandika mara ya kwanza alikuwa bado mtoro mbele ya sheria. Watu waliomsikia akihutubia walianza kutilia shaka kwamba mtu msemaji hivyo aliwahi kuwa mtumwa, naye akawajibu kwa kutaja mahali alipotoka na majina ya waliommiliki, jambo lililomweka katika hatari ya kukamatwa na kurudishwa, hata ikambidi akimbilie Ireland na Uingereza kwa muda. Nataka msomaji aone kilichofanya kazi hapo. Hotuba nzuri zilileta shaka. Majina na mahali ndivyo vilivyoleta imani. Mtu mwenye uchungu wa jumla husikilizwa kwa huruma, lakini anayesema ilikuwa nyumba ya nani na alipigwa na nani kwa kosa gani, huyo huaminiwa.

Hapa ndipo tawasifu zetu nyingi zinapopungukiwa, hata za watu wenye mengi ya kusema. Mwandishi huzaliwa katika aya ya kwanza, huanza shule katika ya pili, huajiriwa, hupandishwa cheo, hutunukiwa cheti, hustaafu, na mwisho huwashukuru waliomsaidia. Kila tarehe ni sahihi na hakuna mtu ndani yake. Maelezo kama hayo yanafaa kuombea kazi, si kumwachia mjukuu.

Mjomba wangu alifanya kazi ya kupanga herufi katika kiwanda cha uchapaji, enzi ambazo magazeti na vitabu vilipangwa kwa mkono. Alipokubali hatimaye kuandika, alinipa kurasa chache zenye mwaka aliouanza kazi, mwaka aliofanywa msimamizi, majina ya mameneja waliofuatana na mwaka wa kustaafu. Nilizisoma kwa heshima, kisha nikamwomba aiache miaka kwanza, aniambie mikono yake ilifanya nini tangu alipoingia asubuhi. Alinyamaza kidogo, akanyoosha mkono wa kushoto kana kwamba umeshika kitu, akaanza kueleza. Kila herufi ilikuwa kipande cha risasi kilicholala katika kijisanduku chake. Mkono wa kushoto ulishika kibao cha chuma, wa kulia uliokota herufi bila msaada wa macho, kwa sababu vidole vilishajua kila moja inalala wapi. Maneno yalipangwa yakiwa yamepinduliwa, kwa kuwa karatasi ndiyo iliyoyageuza, na kwa hiyo yeye na wenzake walijifunza kusoma kinyume kwa wepesi uleule tunaosoma nao sisi kwa kawaida. Aliyeanza kazi alidanganywa na b na d, na p na q, na n na u. Masanduku yale yaliletwa kutoka ng'ambo na idadi ya herufi ilikadiriwa kwa lugha nyingine, hivyo a na k ziliwaishia mapema, maana Kiswahili kinazila sana herufi hizo, na ikawabidi wangoje ukurasa uliotangulia uchapwe, herufi zake zioshwe kwa mafuta ya taa na kurudishwa sandukuni moja moja ndipo waendelee. Akanieleza pia siku alipopewa tangazo la kifo cha mwenzao waliyekuwa wakifanya naye kazi meza moja, akalipanga mwenyewe, jina la rafiki yake likipita vidoleni herufi kwa herufi, akiwa analisoma kinyume.

Wewe, Mhariri, unayeishi na kazi ya uchapaji kila siku, utaelewa kuliko wengi kwa nini nilimsihi ayaandike maneno hayo kama alivyoyasema. Hakuna meneja aliyetajwa, wala cheti, lakini atakayeyasoma miaka hamsini ijayo atajua kazi ile ilikuwaje na mtu aliyeifanya alikuwa wa namna gani. Yeye mwenyewe alikuwa ameyaacha nje kwa sababu aliyaona ya kawaida mno. Kwa maoni yangu, mtu akitaka kujua aanzie wapi, aanzie palepale anapodhani hapana la kusema: kazi ya mikono yake, nyumba aliyolala, njia aliyopita kila siku.

Kuna ugumu, na sitaki kuwavuta wasomaji kwenye kazi hii kwa kuwaficha ugumu wake. Wa kwanza ni kumbukumbu yenyewe. Tawasifu nyingi huanza na neno "nilizaliwa", ambalo ndilo jambo mwandishi asilolikumbuka hata kidogo, kwa sababu watu wazima wengi hawakumbuki chochote cha kabla ya umri wa miaka mitatu hivi. Kila tunachokisema kuhusu siku zile tumekipata kwa vinywa vya wengine. Douglass, ambaye watumwa wenzake wengi kama yeye hawakuambiwa umri wao, aliandika waziwazi kwamba haijui tarehe yake ya kuzaliwa, na uwazi huo haukumpunguzia kitu. Nafikiri ni heshima kwa msomaji kumwambia "niliambiwa na mama" pale ulipoambiwa na mama, na "nakumbuka mwenyewe" pale unapokumbuka.

Hata yale tunayodai kuyakumbuka hayako salama kama tunavyodhani. Januari 1986, chombo cha anga za juu cha Marekani kiitwacho Challenger kilipolipuka muda mfupi baada ya kurushwa, mwanasaikolojia Ulric Neisser na mwenzake Nicole Harsch waliwataka wanafunzi wa chuo kikuu waandike, asubuhi iliyofuata, walikuwa wapi na walizipataje habari hizo. Waliporudi kuwauliza yapata miaka miwili na nusu baadaye, wengi walitoa maelezo yaliyopishana na yale waliyoyaandika kwa mikono yao wenyewe, huku wakiwa na uhakika kwamba wanasema sawasawa, na kuonyeshwa maandishi yao ya awali hakukuwarudishia kumbukumbu ya kwanza. Hawa hawakuwa waongo. Kumbukumbu hujengwa upya kila inapoitwa, na kila tunaposimulia kisa huongezeka kitu au hupungua kitu, hadi kile kisa kinachosimuliwa sana katika familia huwa ndicho kilichosogea mbali zaidi na siku yenyewe.

Kwa sababu hiyo namshauri anayeandika asitegemee kichwa chake peke yake. Aulize ndugu zake kabla hajawasomea alichoandika, maana wakishasikia toleo lake, la kwao nalo litaanza kufuata. Atazame nyuma ya picha za zamani, ambako mara nyingi kuna tarehe au jina lililoandikwa kwa kalamu ya risasi. Atafute ripoti za shule, hati za malipo, barua, kadi za kliniki, stakabadhi zilizobaki ndani ya vitabu. Na ikiwa dada yake anakumbuka kwamba siku ile ya msiba mvua ilinyesha, naye anakumbuka jua kali, asimlazimishe dada akubali wala asijilazimishe. Aandike kwamba wawili waliokuwepo wanaikumbuka siku hiyo tofauti. Kurasa za namna hiyo huwa ndizo ninazoziamini zaidi.

Watafiti wameona pia kwamba watu wenye umri mkubwa, wakiulizwa habari za maisha yao, hukumbuka kwa wingi yale ya kati ya umri wa miaka 10 na 30 hivi. Ndiyo maana tawasifu nyingi huwa nene mwanzoni, kisha miaka ya utu uzima hupitishwa kwa haraka kana kwamba hakuna lililotokea. Aliyefika hapo na kukwama anaweza kuacha kufuata miaka, akafuata nyumba alizohamia au watu aliofanya nao kazi, kwa kuwa mahali na sura za watu huvuta kumbukumbu ambazo tarehe haziwezi kuzivuta.

Ugumu wa pili naona ni mzito kuliko huo, nao unahusu watu wengine. Hakuna anayeweza kuandika maisha yake bila kuandika ya mzazi, mwenzi wa ndoa, ndugu, rafiki na adui, na hao hawakuomba kuandikwa. Nimesikia wanaosema kwamba mwandishi wa kweli husema yote. Sikubaliani nao. Maumivu yaliyonipata mimi ni haki yangu kuyasimulia, hata kama aliyeyasababisha hatafurahi. Lakini siri ya dada yangu ni yake, hata kama alinieleza mimi peke yangu na hata kama ingekipamba kitabu changu, na kama sina ruhusa yake basi mlango huo si wangu kuufungua. Mpaka kati ya haya mawili hauonekani kwa urahisi kila mara. Mtu aliyelelewa na baba mlevi hawezi kueleza utoto wake bila kuutaja ulevi ule, na nadhani anayo haki ya kuutaja. Ila anao pia wajibu wa kumweleza baba huyo mzima, pamoja na siku alizokuwa mwema, kama zilikuwepo, na aliyoyapitia yeye mwenyewe kabla ya kuwa baba. Aliyeandika kwa ajili ya kulipiza kisasi hujulikana upesi: watu wake wote wana upande mmoja.

Marehemu wanahitaji uangalifu zaidi kuliko walio hai, kwa sababu hawawezi kujibu. Walio hai wanaweza kusomewa sehemu zinazowahusu kabla hazijatoka nyumbani, na mara nyingi usomaji huo hurekebisha mengi, kwani aliyetajwa ana kumbukumbu zake na pengine ana barua au picha ambayo mwandishi hakuijua. Wapo watakaokasirika. Mwandishi awasikilize kwanza, kisha aamue mwenyewe, na akiamua kubaki na alichoandika ajue kwamba huenda uhusiano ukabadilika. Kwa anayekusudia kuchapisha, ipo pia sheria ya kashfa, na asimtuhumu mtu kosa ambalo hawezi kulithibitisha.

Wengi hukwepa tatizo hili kwa kubadilisha majina, na njia hiyo ni halali, lakini ina gharama ambayo watu hawaifikirii. Harriet Jacobs, Mmarekani mweusi aliyetoroka utumwani, alichapisha maisha yake mwaka 1861 kwa jina la Linda Brent na kubadilisha majina ya wote aliowataja, kwa sababu zinazoeleweka kabisa kwa mwanamke aliyeeleza yale aliyotendewa. Matokeo yake, kwa muda mrefu baada ya kifo chake wasomi wengi walikichukulia kitabu chake kuwa hadithi ya kubuni, na wengine wakamhesabu mhariri wake mzungu kuwa ndiye mwandishi. Ni hadi miaka ya 1980 ambapo mtafiti Jean Fagan Yellin alithibitisha, kwa kutumia barua na kumbukumbu nyingine, kwamba mambo yale yalitokea na kwamba Jacobs aliyaandika mwenyewe. Anayebadilisha majina leo afanye hivyo bila hofu, ila aweke mahali salama karatasi yenye majina halisi na uhusiano wa kila mmoja, iliyofungwa katika bahasha, na maelekezo ya lini ifunguliwe. Ni jambo dogo, na linaweza kuokoa ushahidi wa maisha mazima usigeuzwe kuwa ngano.

Kuhusu yale ambayo mtu hataki kuyagusa kabisa, nasema ayaache. Kunyamaza si uongo. Uongo ni kuliziba pengo kwa kitu ambacho hakikuwepo, kama yule anayejitungia ndoa ya furaha kwa sababu anaona aibu kueleza iliyovunjika. Sentensi moja tu, "miaka hiyo sitaieleza," inatosha, na msomaji mwenye adabu hatauliza zaidi.

Nigusie pia wale wasioweza kuandika wenyewe, kwa sababu ya macho, mikono au kutopata shule. Hawa wanaweza kusimulia na mtu mwingine akarekodi kwa simu, kisha akaandika. Anayepokea kazi hiyo amebeba amana. Kishawishi chake kikubwa ni kusafisha: kuondoa lafudhi, kunyoosha sentensi, kumweka bibi aseme kama ripoti ya ofisini. Siku hizi kishawishi hicho kimeongezewa nguvu na programu za kompyuta zinazoandika ukurasa mzima kwa dakika moja, kurasa laini ambazo zingeweza kuwa za mtu yeyote. Namsihi kila kijana anayemwandikia mzee wake ayaache maneno kama yalivyotoka, pamoja na marudio yake na methali zake, aandike mwanzoni kwamba nani alisimulia, nani aliandika na lini, kisha aitunze sauti yenyewe, maana sauti hiyo ni sehemu ya tawasifu kama ilivyo karatasi. Na kabla ya kumaliza amsomee mwenye maisha yake kila neno, kwa sauti, ampe nafasi ya kusema "hapana, sivyo nilivyosema."

Suala la uchapishaji huja mapema mno katika mazungumzo haya na huwavunja watu moyo bure. Tawasifu iliyoandikwa daftarini kwa mkono, ikasomwa na watoto na wajukuu, imekwisha kufanya kazi yake. Lililo muhimu kuliko kuchapisha ni nakala. Nelson Mandela alipoyaandika maisha yake kwa siri katika gereza la Robben Island miaka ya 1970, wafungwa wenzake waliyanakili kwa maandishi madogo sana, na nakala hiyo ikatolewa nje ya kisiwa na Mac Maharaj alipoachiwa mwaka 1976. Karatasi za awali zilizofukiwa bustanini ziligunduliwa na askari wa gereza, na kama zingekuwa hizo peke yake, kazi yote ingepotea. Sisi hatuna askari wa kutuvizia, lakini tuna mchwa, moto, mafuriko, simu zinazoibwa na kompyuta zinazokufa bila taarifa. Daftari moja katika kabati moja si hifadhi. Lipigwe picha ukurasa kwa ukurasa, na picha hizo zikae kwa angalau ndugu mwingine mmoja anayeishi nyumba nyingine.

Nafika sasa kwenye ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ambalo ndilo lililonifanya niandike barua ndefu kiasi hiki. Gazeti lako hutoa kurasa nyingi kwa maisha ya watu maarufu, hasa wanapofariki. Naomba litenge nafasi, hata kama ni nusu ukurasa kwa wiki, ya maisha ya watu wasiojulikana, yaliyoandikwa nao wenyewe wakiwa hai: fundi, mkunga, dereva, mpishi wa shule, askari wa zamu ya usiku, mama aliyelea watoto wa wengine. Wasitakiwe kuleta picha waliyopiga na kiongozi wala kueleza mafanikio yao. Waombwe kueleza siku moja ya kazi yao au nyumba moja waliyoishi, kwa maneno yasiyozidi mia sita, na wahariri wako warekebishe tahajia pekee, wasiguse mpangilio wa mawazo wala misemo ya mwandishi. Wanaosimulia kwa mdomo nao wakubaliwe, mradi aliyeandika ajitaje. Majina ya watu wengine yafichwe pale mwandishi anapoomba, na ofisi yako itunze majina halisi. Ukikubali, nitakuwa wa kwanza kumpelekea mjomba fomu, karatasi au chochote mtakachohitaji, na ninawajua wengine wengi ambao wangeandika kama wangejua kwamba mahali papo.

Wako katika ujenzi wa lugha,
Msomaji wako wa siku nyingi